Komunike Fupi Zinapokelewa Hapa

Kibao kile nilikiandika mimi, kwa hiyo kosa lilikuwa langu na sijawahi kumsingizia mtu mwingine.

Nilikuwa mpiga taipu wa jarida la sayansi mjini Kisangani, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, pamoja na miezi tisa ya kujifunza taipu kwa masista. Masista walinifundisha kutazama karatasi badala ya vidole, na kutoandika neno ambalo halimo katika karatasi. Hilo la pili ndilo lililonipa kazi. Wataalamu walipenda mpiga taipu asiyeelewa sana anachokiandika. Mimi nilikuwa naelewa kidogo, ila sikuwaambia.

Ofisi yetu ilikuwa Makiso, katikati ya mji, chini ya jengo la ghorofa moja, mitaa miwili kutoka redio. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati, mashine ya taipu na mashine ya ronio, ile ya kuzungusha kwa mkono. Kwa asiyeijua: unaitoa taipu utepe wake, unaandika juu ya karatasi ya nta iitwayo stensili, herufi zinatoboa nta, kisha stensili inafungwa juu ya pipa la wino na kila mzunguko unatoa nakala moja. Ukikosea, unapaka rangi nyekundu ya kuzibia tundu, yenye harufu kama rangi ya kucha, unangoja ikauke, unaandika tena juu yake. Stensili zilikuja kwa meli kutoka Kinshasa pamoja na karatasi. Jarida lilipaswa kutoka mara nne kwa mwaka. Lilitoka meli ilipofika.

Mhariri alikuwa mtaalamu wa mimea, mtu mrefu, mpole, aliyetoka magharibi ya nchi. Kilingala alikisema vizuri. Kiswahili chake kilitosha kununua ndizi. Alikunywa chai bila sukari na kusema ni kwa ajili ya afya, miaka ambayo sukari haikupatikana. Mbele ya watu aliniita citoyenne, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoamuru. Tukiwa wawili aliniita mama, ingawa nilikuwa mdogo kwake.

Makala zilizongoja zamu niliziandika katika daftari, kila moja na namba yake. Zilikuwa ndefu, kurasa ishirini, kurasa thelathini, na zilingoja miaka miwili au zaidi. Namba kumi na nne ilihusu samaki, na ndani yake alikuwamo mume wangu.

Mume wangu alifanya kazi kwa profesa wa samaki. Kila asubuhi alikwenda kwenye maporomoko ya mto, akakaa juu ya mwamba uleule, akasoma kijiti cha kupimia maji, akatazama vikapu vya wavuvi. Kisha aliandika katika daftari la shule kimo cha maji, na kama samaki fulani mdogo, mweupe, wa urefu wa kidole, amepatikana au hakupatikana. Alifanya hivyo miaka minne. Kurasa nyingi za daftari zile zina maneno mawili tu baada ya kimo cha maji: Leo hakuna.

Alichokiona ni hiki. Samaki yule huondoka kwenye maporomoko siku chache kabla maji hayajaanza kupanda. Si baada ya kupanda, kabla. Wavuvi walikuwa wanajua, lakini wavuvi hawakuwa wameandika, na Ulaya hakuna aliyekuwa anajua. Profesa alimwahidi kwamba jina lake litachapwa. Na kweli, katika ukurasa wa ishirini na mbili wa makala ile ndefu kulikuwa na mstari mmoja: mwandishi anamshukuru citoyen fulani kwa uangalizi wake wa kila siku. Niliupiga taipu mimi mwenyewe. Nilimwonyesha. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akauliza utachapwa lini.

Tangu siku hiyo, kila alipopita ofisini alichungulia mlangoni.

"Tuko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Bon," alisema, yaani vizuri, akaenda zake.

Alikufa tukiwa namba tisa. Alikufa kwa homa ya siku sita, kitandani, si majini kama watu wengi walivyopendelea kudhani. Baada ya matanga nilirudi kazini nimevaa nguo nyeusi na kitambaa cheusi kichwani, kwa sababu jamaa zake waliniwekea mwaka mzima wa nyeusi, na mimi sikuona sababu ya kuwapunguzia. Ofisini hakuna aliyezungumzia jambo hilo. Hilo lilinifaa.

Mwezi wa tano wa kuvaa nyeusi, mhariri alipokea kwa posta jarida moja la Ulaya. Ndani yake mtu alikuwa ametangaza habari ya mmea ambao mtaalamu wetu mmoja alikuwa ameueleza kabla yake. Makala yake ilikuwa namba sita katika daftari langu, inangoja stensili. Mhariri aliweka jarida lile juu ya meza yangu, wazi katika ukurasa ule, akaenda dirishani kutazama barabara.

Wiki iliyofuata aliita kamati. Walikuwa wataalamu wanne na mjumbe wa chama, kwa maana kila ofisi ilikuwa na mjumbe wa chama. Mhariri aliwaeleza kwamba jarida litafungua mlango wa pili. Makala za kurasa mbili, jambo moja tu jipya. Jibu ndani ya siku kumi. Ikikubaliwa, inachapwa mara moja bila kuingia katika foleni. Hakuna utangulizi mrefu, hakuna historia ya somo tangu wakati wa Wabelgiji, hakuna shukrani.

Mmoja alisema sayansi si pombe ya mahindi, haiwezi kuiva kwa siku kumi. Mwingine aliuliza kama makala ya kurasa mbili itahesabiwa kuwa makala mtu atakapoomba kupandishwa cheo. Swali hilo lilichukua asubuhi iliyobaki. Wakaamua itahesabiwa nusu. Mjumbe wa chama hakuwa na neno juu ya sayansi. Alitaka tu kibao cha mlangoni kiwe pia katika lugha ya wananchi.

Kwa Kifaransa makala zile ziliitwa communications brèves. Kibao kilikuwa kifupi na sikuwa na neno la Kiswahili la communication. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa rangi nyeusi: KOMUNIKE FUPI ZINAPOKELEWA HAPA. JIBU KATIKA SIKU KUMI. Mhariri alikisoma, akasema ni kizuri, akakipigilia misumari mwenyewe.

Mtu yeyote wa Kisangani angetuambia. Komunike ni tangazo la kifo. Ni ile karatasi unayoipeleka redio, ikasomwa baada ya saa sita mchana: fulani amefariki, katika mtaa fulani, jamaa zake wa Basoko na wa mahali pengine wajulishwe, maziko ni kesho. Inaposomwa, watu huacha kutafuna. Mimi nililijua hilo kuliko wengi. Miezi mitano tu kabla nilikuwa nimepeleka yangu. Siwezi kueleza jinsi nilivyoandika neno lile bila kulisikia. Nadhani lilikuwa bado mkononi.

Makala fupi ya kwanza ililetwa na profesa wa samaki. Aliiondoa makala yake ndefu, ambayo sasa ilikuwa namba nane, akaikata, akaleta kurasa mbili. Mhariri alizikubali kesho yake. Nilizisoma mara tatu. Maporomoko yalikuwamo, maji yalikuwamo, samaki alikuwamo, na siku zile chache kabla ya maji kupanda. Mstari wa ukurasa wa ishirini na mbili haukuwamo. Ulikuwa umekatwa pamoja na shukrani zote, kwa sheria. Sheria ilikuwa ya watu wote, na mume wangu hakuwa ameniachia cheo cha kubishana na profesa.

Siku ya tatu ya kibao aliingia mzee mmoja, kofia mkononi. Alitazama nguo yangu nyeusi, akainamisha kichwa.

"Pole, mama. Naona hapa njo penyewe."

Nilimshukuru. Alikaa bila kuambiwa, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama mkwe wake alikuwa amefariki ng'ambo ya mto, na watoto wa marehemu walikuwa Basoko. Kila kitu kilikuwamo, kimeandikwa vizuri. Alikuwa na swali moja tu.

"Siku kumi iko mingi, mama. Maiti atangojea?"

Nilimweleza kwamba hapa si redio, hapa ni sayansi. Hakukasirika. Aliuliza sayansi nayo inatangaza nini. Kurasa mbili za samaki zilikuwa mbele yangu, tayari kwa stensili, kwa hiyo nikamwelezea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza komunike, macho chini. Nilipomaliza alibaki anangoja.

"Jina sijasikia. Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa, papa. Ni samaki wanahama."

"Bon. Na nani aliwaona?"

Niliitazama karatasi ingawa nilikuwa najua.

"Haikuandikwa."

Alinitazama kwa huruma.

"Ku redio hawataisoma hiyo," alisema. "Watakurudishia. Wataambia: wapi jina?"

Nilifunga ofisi, nikampeleka mpaka redio, kwa sababu alikuwa mgeni upande huu wa mto. Tulipoagana aliniambia nisikate tamaa na ile yangu, niongeze jina tu.

Wiki hiyo walikuja wengine sita. Walioingia wakilia niliwasindikiza. Waliokuwa watulivu niliwaonyesha njia. Mhariri aliuliza kibao kimeleta watu wangapi. Nikamwambia saba. Akauliza makala ngapi. Nikamwambia moja. Alipojua maana ya neno lile alimaliza chai yake, akaniagiza nikiondoe kibao. Mjumbe wa chama alisema kibao cha lugha ya wananchi hakiondolewi bila barua. Basi niliipiga taipu barua, na kibao kikabaki mpaka jibu lilipokuja, baada ya miezi miwili.

Ijumaa ile nilikata stensili mbili za makala ya samaki. Ukurasa wa kwanza ulijaa. Ukurasa wa pili uliishia juu kidogo ya mwisho, ikabaki nafasi ya mistari minne. Niliitazama nafasi ile. Kisha nikaandika mstari wa ukurasa wa ishirini na mbili, kwa Kifaransa chake chote, na jina lake. Sikuwa nimeamua. Mikono ilikuwa imekwisha kuandika kabla sijaizuia, na haikukosea hata herufi moja.

Niliusoma. Ulikuwa mzuri. Pia haukuwamo katika karatasi niliyopewa. Nikachukua kichupa cha rangi nyekundu, nikaupaka wote, nikaipuliza stensili mpaka ikauka, nikaenda nyumbani.

Jumatatu, kabla mhariri hajavua koti, nilimwambia.

"Katika ukurasa wa pili niliongeza mstari ambao haukuwamo. Nilimwandika mume wangu. Kisha nikaufuta."

Aliichukua stensili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hausomeki," alisema.

"Hausomeki. Unanuka tu."

"Basi kwa nini unaniambia, mama?"

"Kwa sababu niliuandika."

Alikaa. Aliniuliza mume wangu alifanya nini hasa pale maporomoko. Miaka yote ile alikuwa amemwona akichungulia mlangoni, lakini hakuwahi kuuliza. Nikamweleza mwamba, kijiti, vikapu, na Leo hakuna. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuharibu asubuhi yake, nikamweleza pia habari ya mzee wa kofia, na kwamba redio hawasomi komunike isiyo na jina.

Alisema sheria ya shukrani ni yake mwenyewe na hataivunja kwa makala ya kwanza. Nikamwambia sikuomba aivunje. Akatazama tena dirishani, kwa muda kama ule wa siku ya jarida la Ulaya. Mwishowe alisema kumtaja aliyeona jambo si shukrani. Aliyeona ni kama mahali na tarehe. Akamwita profesa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa nimeinamia taipu isiyo na karatasi. Mhariri alimwambia profesa kwamba kuanzia sasa sentensi ya kwanza ya kila makala fupi lazima iseme jambo lilionekana wapi, lini, na nani aliliona kwa macho yake. Profesa alisema kwa makala yake haitakuwa vizuri, maana msomaji atadhani yeye hakuwapo.

"Ulikuwapo?" aliuliza mhariri.

Profesa alisema mwaka wa kwanza alikuwa kwenye semina, na mwaka wa pili alikuwa Ubelgiji. Baadaye alikuwa na madarasa.

"Nilikwenda mara moja," alisema.

"Samaki walikuwapo?"

"Siku hiyo hawakuwapo."

Niliikumbuka siku hiyo. Imo katika daftari, kwa mwandiko wa mume wangu: Leo hakuna. Profesa amekuja.

Sitaki profesa aonekane mbaya kuliko alivyokuwa. Kwenye matanga alileta gunia la mchele, akabeba jeneza upande wa kichwa, akiwa amevaa abakosi yake ya rangi ya udongo, ile suti isiyo na tai. Sasa aligeuza kiti chake kuelekea kwangu, akaniuliza jina linaandikwaje, kwa k moja au mbili, akalinakili mwenyewe kwa kalamu. Lilikuwa jina la kikwetu tu, kwa sababu jina la ubatizo lilikuwa limekatazwa na serikali katika karatasi zote. Msalabani pale makaburini yamo yote mawili. Hapo hakuna aliyekuja kukagua.

Ukurasa wa kwanza niliukata upya. Ulianza na maporomoko, kisha miaka minne, kisha jina lake, kisha samaki. Ukurasa wa pili sikuukata upya kwa kuwa stensili zilikuwa zimebaki chache na meli haikuwa imesikika. Mhariri alisema rangi inatosha.

Tulichapa nakala mia tatu. Ukurasa wa kwanza ulitoka safi. Ukurasa wa pili ulitoka safi mpaka nakala ya mia mbili na kitu. Hapo, kwa joto na kwa kuzungushwa, rangi nyekundu ilianza kupasuka. Kwanza nilidhani ni uchafu. Kisha nikaona herufi. Chini ya ukurasa, katika nafasi ile ya mistari minne, mstari niliokuwa nimeufuta ulikuwa unarudi, hafifu, kijivu, kila nakala ikiuonyesha zaidi kidogo kuliko iliyotangulia. Katika zile za mwisho ulisomeka wote.

Nilisimamisha mashine, nikampelekea mhariri nakala moja mbichi, wino ukinishika vidole. Aliisoma. Aliuliza zimebaki stensili ngapi. Nikamwambia mbili, na zote zina wenyewe. Akaniagiza nakala safi zipelekwe Ulaya na vyuo vingine, na zile nyingine zigawiwe hapahapa mjini, ambako watu wamezoea ronio.

"Ni kosa la mashine," alisema.

"Si la mashine," nilisema.

"Najua. Andika katika daftari kwamba ni la mashine."

Niliandika: ukurasa wa pili, rangi ilipasuka. Hilo lilikuwa kweli.

Nakala moja kati ya zile mbaya niliipeleka kwa mama mkwe wangu, ng'ambo ya mto, Jumapili baada ya misa. Alikuwa anamenya mihogo. Alinawa mikono kwanza. Hakujua kusoma, akaomba nimwonyeshe mwanawe yuko wapi. Nilimwonyesha mahali pa kwanza, kisha pa pili. Aliuliza kwa nini huyu wa chini ni dhaifu. Nilimwambia nilimwandika bila ruhusa, nikamfuta, akarudi. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya kawaida ya mwanawe.

Aliuliza ni watu wangapi watasikia. Nikamwambia nakala ni mia tatu.

"Redio inafika kwa wengi," alisema.

Kisha akataka nimsomee yote. Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole, kama nilivyomsomea yule mzee. Nilipofika kwenye samaki anayeondoka kabla ya maji kupanda, alishika mkono wangu nisiendelee.

"Ile aliniambiaka. Mara mingi," alisema. "Anakaa pale ju ya jiwe, asubuhi mupaka muchana. Anaambia anatazama samaki. Miye nilifikiri iko uvivu."

Aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia katika kitambaa anachofungia kadi yake ya chama. Alirudi kwenye mihogo yake. Baada ya muda aliniuliza, bila kuinua macho, kama kwenye karatasi imeandikwa wazi kwamba ilikuwa kazi.

Nilimwambia imeandikwa miaka minne, kila siku.

"Bon," alisema.